Kobe wachanga wakianza kupandana: watenganishe kwanza, mengine yafuate

Simu ninazopigiwa kuhusu kobe hufanana. "Dada, wale kobe wetu wadogo wameanza mapenzi. Mmoja anampanda mwenziwe mchana kutwa, watoto hawabanduki pale kwenye boksi. Mayai tutegemee lini?" Nami jibu langu huwa ni swali: yule wa chini anakula?

Kimya kidogo. Halafu, "Kwa kweli siku hizi anajificha sana."

Nayajua hayo kwa sababu yalinikuta. Niliuziwa kobe wawili dukani, kila mmoja akienea kiganjani, nikahakikishiwa kuwa ni dume na jike. Wanangu wakawaita Sefu na Asha. Kwa miaka mitatu walilala pamoja, wakila sahani moja, nikajua wanapendana. Mwaka wa nne Sefu akaanza kumfukuza Asha, akimgonga ubavuni kwa gamba, ko, ko, ko, sauti inasikika mpaka jikoni. Tukafurahi. Siku moja nilimnyanyua Asha nimwogeshe nikaona mguu wake wa mbele umechubuka, magamba mawili ya ngozi yameng'oka na damu imekauka ikashikamana na udongo. Nikamweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 190. Sefu alikuwa na gramu 340. Walikuja kwangu siku moja, kila mmoja akiwa na gramu 30 na ushei. Miaka miwili baadaye mkia wa Asha ulirefuka ukanenepa, ikaonekana wazi kwamba naye ni dume.

Ninayemzungumzia hapa ni kobe wa Hermann, maana ndiye ninayemfuga hapa Leicester, Uingereza, na ndiye mmoja wa kobe wanaofugwa sana majumbani Ulaya. Asili yake ni kusini mwa bara hilo, kuanzia Hispania na Italia hadi nchi za Balkani. Akikua hufikia sentimita 15 hadi 20 hivi, na akitunzwa vizuri huweza kupita miaka 50, kwa hiyo unapomchukua fikiria na atakayemrithi. Uingereza haruhusiwi kuuzwa bila cheti cha serikali kiitwacho Article 10. Muuzaji asiye nacho, mwachie kobe wake. Na ndugu zangu mlioko nyumbani, msitoke hapa mkaenda kuokota kobe porini. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2013 zinataka kibali, na yule kobe wa mawe mwenye gamba bapa, wa kwetu kabisa, amemalizwa na wasafirishaji mpaka mwaka 2019 ikabidi biashara ya kimataifa ya wale wa porini ipigwe marufuku.

Hatua ya kwanza: jua unachokiona

Kobe mchanga anayempanda mwenziwe, mara nyingi hatafuti watoto. Anatafuta ukubwa. Wa kiume hufanya hivyo, wa kike naye hufanya, na hufanyiwa yeyote aliye karibu: ndugu yake, jiwe, hata kiatu ulichokisahau bustanini. Kobe si mnyama wa kundi. Porini kila mmoja huzunguka kivyake, hukutana, wakagombana au wakapandana, kisha kila mmoja akashika njia yake. Anayeshindwa hukimbia. Kwenye boksi hana pa kukimbilia, na hilo ndilo tatizo lote.

Dume aliyebalehe huwa na mpangilio wake. Humfuata jike, humzunguka, humgonga kwa gamba, humuuma miguu ya mbele na wakati mwingine kichwa ili asimame, kisha humpanda kwa nyuma huku amefungua mdomo na kutoa mlio mwembamba kama wa bawaba isiyotiwa mafuta. Mkiani ana ncha ngumu kama ukucha, ambayo huweza kumjeruhi jike pale chini ya mkia asipopata nafasi ya kupumzika.

Jinsia usiiamini mapema. Dume ana mkia mrefu, mnene, anaoukunja ubavuni. Wa jike ni mfupi. Gamba la tumboni la dume lina kibonde, la jike ni bapa. Lakini alama hizi hazisomeki vizuri mpaka gamba lifike kama sentimita 10, na kwa kobe wengi hiyo ni miaka mitano hadi minane. Anayekuuzia kobe wa ukubwa wa kisanduku cha kiberiti akakuapia kwamba ni "pea", anabahatisha.

Lipo jambo litakalokutisha siku ya kwanza, nalo afadhali ulijue mapema. Dume akiwa kwenye maji ya uvuguvugu huweza kutoa uume wake: kitu kikubwa kuliko unavyotarajia, cheusi cha kuelekea zambarau, kimepanuka mwishoni kama ua. Wengi hudhani utumbo umetoka. Akiurudisha baada ya dakika chache, si ugonjwa. Ukikaa nje zaidi ya saa moja, ufunike kwa kitambaa safi kilicholoa maji ili usikauke, mweke peke yake kwenye boksi lisilo na udongo, na umpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo.

Hatua ya pili: watenganishe leo

Si wikiendi, si ukimaliza kujenga. Leo. Beseni kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, lisilofunikwa, lenye udongo, taa yake na kigae cha kujificha chini yake, linatosha kwa siku chache.

Ukiweka kizuizi katikati ya boksi moja, kiwe ubao usiopenya macho. Waya au kioo haisaidii: anayeonea ataendelea kumwona mwenziwe, atashinda akikwaruza pale pale, na anayeonewa ataendelea kuishi akiangaliwa. Nimeona kobe aliyetenganishwa kwa wavu akigoma kula kwa wiki nzima. Tulipoweka plaiwudi alikula siku ya pili.

Hatari kubwa ya kuwaacha pamoja wala si kuumana. Katika kugongana, mmoja hupinduka. Kobe mchanga akilala chali chini ya taa ya joto, na wewe uko kazini, huweza kufa kabla hujarudi.

Dalili nyingine hazina damu, ndiyo maana watu huzikosa. Mmoja hushika mahali pa joto na kumfunika mwenziwe. Mmoja hujizika mchana kutwa. Mmoja hutembea ukutani, kona hadi kona, kana kwamba anatafuta mlango. Pima uzito kila wiki, siku ileile, kabla hawajala, uandike kwenye daftari. Mstari wa mmoja ukipanda na wa mwingine ukisimama, huhitaji ushahidi zaidi.

Wapo wanaoniambia atakuwa mpweke. Nimemtazama Asha tangu alipopata nyumba yake. Mwezi wa kwanza aliongeza gramu 20, na hakuwahi kumtafuta Sefu.

Hatua ya tatu: mjengee kila mmoja meza yake

Matangi ya kioo wanayouza madukani ni ghali na hayamfai sana kobe huyu. Joto hutuama, hewa haipiti vizuri, na kobe hatambui kioo, hushinda akikisukuma kwa pua. Kilicho bora ni boksi pana la mbao lililo wazi juu. Mimi nilichukua kabati la vitabu la zamani nikalilaza chali, nikang'oa rafu, nikatandika ndani karatasi nene ya plastiki ili mbao zisioze. Kwa kobe mmoja mchanga, sentimita 120 kwa 60 ndicho kiwango cha kuanzia. Ukipata zaidi, mpe zaidi. Kuta ziwe na angalau sentimita 25 juu ya udongo. Kobe hupanda kona vizuri kuliko unavyofikiri, kwa hiyo pigilia kipande cha ubao juu ya kila kona.

Taa ndizo zitakazokula pesa, na hapo usibane. Anahitaji vitu viwili: joto na mionzi ya UVB, kama ile ya jua. Taa ya joto iwekwe upande mmoja, ielekee chini wima, na chini yake weka jiwe bapa. Pima joto la jiwe lenyewe, si la hewa: liwe nyuzi 32 hadi 35. Upande wa pili uwe kama nyuzi 20 hadi 22, ili achague mwenyewe. Taa ya UVB, ile ndefu ya mrija wa T5, ipite juu ya eneo hilohilo la joto, kwa umbali ulioandikwa kwenye pakiti yake. Bila mionzi hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D3, hawezi kutumia kalsiamu anayokula, na gamba hulainika. Kumweka dirishani si jibu, maana kioo huzuia mionzi hiyo. Badilisha mrija kila baada ya miezi 12 hata kama bado unawaka. Mwanga hubaki, mionzi huisha.

Washa saa 12 kwa siku, usiku zima kila kitu. Zile taa nyekundu za usiku si za lazima, nyumba ya kawaida yenye nyuzi 15 haimdhuru kobe mzima wa afya. Anahitaji giza.

Udongo uwe wa bustani usiotiwa mbolea wala dawa, uchanganye na mchanga kidogo au na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Hayo makumbi huuzwa hapa yakiwa matofali makavu. Ukiyamwagia maji yanavimba na kunukia kama uani kwa bibi siku ya kufua nazi. Kina kiwe sentimita 10 kwa uchache, kwa sababu kobe mchanga hujifukia, na chini awe anakuta unyevu. Tena hapa naomba unisikilize, kwa kuwa watu wengi wa zamani walifundishwa kumfuga kobe pakavu. Ukavu ndio unaosababisha gamba kuota vilima vilima. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna walichapisha jaribio walilofanya kwa sulcata, kobe mkubwa wa Afrika, wakakuta kwamba unyevu wa hewa uliathiri vilima hivyo zaidi kuliko protini ya kwenye chakula: hewa yenye unyevu, gamba likawa laini bila vilima. Nyunyizia udongo asubuhi, na chini ya kigae cha kujificha weka makumbi yenye unyevunyevu. Usitumie vumbi la mbao, wala mchanga mtupu ambao akiumeza unamziba tumbo.

Mwogeshe kila siku katika mwaka wa kwanza au wa pili, dakika 15 hadi 20, kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni tu. Atakunywa kwa kutumbukiza uso, atanya na kukojoa humo humo, na wewe utapata nafasi ya kumkagua miguu na mkia. Beseni hilo lisiwe la vyombo, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, watoto pia, kwa sababu kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye mwenyewe kuumwa.

Hatua ya nne: mtoe nje

Hakuna taa inayolishinda jua. Hapa Leicester nawatoa kuanzia mwisho wa Aprili, siku zenye joto, na kufikia Juni wanashinda nje. Uwanja wao nimeuzungushia mbao nzima zenye kimo cha sentimita 40, na chini zimezama sentimita 15 ardhini kwa kuwa kobe huchimba. Wakiona upande wa pili hawatulii, ndiyo maana sikutumia wavu. Ndani weka kibanda cha plastiki ngumu cha bustani, kile cha kuoteshea miche. Mchana wa mawingu ndani yake huwa na joto zuri. Kifungue kidogo jua likiwa kali, la sivyo kitakuwa tanuri.

Kwa kobe mchanga funika juu kwa wavu. Kunguru huwabeba au huwadonoa macho, na mbweha, panya na mbwa wa nyumbani nao hawana huruma.

Kisha vunja vunja uwanja. Panda vichaka vya lavenda na rosemari, weka gogo, mawe, kilima kidogo cha udongo. Hata kobe wa peke yake hufurahia, na kwa wale wakubwa watakaokaa pamoja baadaye, jike anayefukuzwa anahitaji mahali pa kupotelea macho ya dume.

Chakula ni majani machungu ya porini. Mchunga tunaoujua nyumbani una ndugu zake hapa kila ukingo wa barabara, na kobe huwapenda. Dandelioni nayo, majani na maua. Chuma pasipopuliziwa dawa. Matunda hapana, nyama na chakula cha mbwa hapana kabisa. Kile kigamba cheupe cha ngisi tulichokuwa tukikiokota ufukweni Tanga, kiweke pembeni ajikwangulie kalsiamu kwa mdomo wake mwenyewe.

Hatua ya tano: kama kweli unataka wazaliane

Subiri wakue. Jike wa Hermann huwa tayari akiwa na miaka tisa hadi 12 hivi, dume mapema kidogo. Kobe waliolishwa sana hukua haraka na dume akaanza fujo angali mdogo. Hilo halimaanishi jike wako amekomaa.

Dume mmoja awe na majike wasiopungua watatu, katika uwanja mkubwa wa nje, na hata hivyo umtoe dume kwa sehemu kubwa ya mwaka. Anayedhani nazidisha aangalie kisiwa cha Golem Grad, Ziwa Prespa, huko Masedonia Kaskazini. Kobe wa Hermann wanaishi pale porini kabisa, hakuna boksi, lakini madume ni wengi mno kuliko majike. Watafiti waliowafuatilia kwa miaka wamekuta majike wana majeraha sehemu za mkiani, na madume wakipandana wenyewe kwa wenyewe. Kama kisiwa kizima hakikuwatosha wakiwa na hesabu mbaya, meza ya sebuleni itawatosha vipi? Mwezi wa Mei, baada ya usingizi wa majira ya baridi, dume huwa mkali zaidi. Namweka dume na majike kwa saa chache nikiwa nimekaa pale pale na kikombe changu cha chai. Nikiona damu, au jike amejikunja ndani ya gamba hataki kutoka, namtoa dume.

Jike mwenye mimba hubadilika. Hula kidogo, huzunguka, hunusa udongo, huchimba kwa miguu ya nyuma akaacha. Anatafuta mahali pa kutagia: pakavu, penye jua, palipoinuka kidogo, udongo laini wenye mchanga na kina cha sentimita 20. Akikosa huweza kuyazuia mayai tumboni, na hapo ni daktari tu. Jambo hili linawahusu hata wenye majike watupu, kwa sababu jike hutaga pia bila dume, mayai yasiyo na uhai, na aliyewahi kupandwa huweza kuhifadhi mbegu kwa miaka hadi minne.

Akishataga, mara nyingi mayai mawili hadi manane, fukua taratibu kwa kijiko. Kabla hujalinyanyua yai, liandikie tarehe juu kwa penseli, na upande huo ubaki juu mpaka mwisho. Yai la kobe likigeuzwa baada ya saa chache za mwanzo, kiinitete huweza kufa. Kwenye mashine ya kutotoa, karibu na nyuzi 31.5 hutoka dume na jike kwa mchanganyiko. Chini ya hapo hutoka madume wengi, juu yake majike wengi. Madume tayari ni wengi kuliko wanaoweza kuwapokea, kwa hiyo mimi huweka nyuzi 32 na kidogo, sizidishi 33. Huchukua miezi miwili hadi mitatu. Kama huna mahali pa kuwaweka watoto sita, kila mmoja na meza yake, yachukue mayai siku ile ile yalipotagwa uyatie kwenye friza.

Mtoto akitoboa ganda usimsaidie. Hukaa humo siku moja au mbili akimalizia kiini kilichobaki tumboni. Akitoka, mweke kwenye karatasi ya jikoni yenye unyevu mpaka kitovu kifunge, ndipo umhamishie kwenye udongo. Wale wanane wa kwanza niliowatotoa nilikuwa nimeshawatengenezea vyumba vinane kabla hata ufa wa kwanza haujaonekana.